Joto la Leo Limepimwa Wapi?

Uliyeko jikoni, uliyeko dukani, nawe dereva uliyekwama kwenye foleni na taulo shingoni, karibuni katika mazungumzo yetu. Leo tunazungumzia joto. Najua kuna atakayesema: joto nalo la kuzungumziwa? Si tunalo hapa hapa, na limetutosha? Ni kweli limetutosha. Lakini hebu nikuulize. Joto la leo ni nyuzi ngapi? Ukishanijibu, nina swali la pili, nalo ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti: nani kakwambia?

Mmoja atasema kaona kwenye simu, 33. Mwingine kaona kwenye dashibodi ya gari, 39. Wa tatu ana kipimajoto chake, kakipigilia msumari kwenye ukuta wa baraza, nacho kinasema 42, na yuko tayari kula kiapo. Wa nne kasikia kwenye taarifa ya habari kwamba mji ulifika 32, akacheka sana, akasema hawa jamaa wanapimia ndani ya kiyoyozi. Mji mmoja, mchana mmoja, watu wanne, namba nne. Sasa mkweli ni nani?

Mimi nasema wote wanne hawajadanganya. Kila mmoja kasoma namba aliyoiona. Ila kila namba imetoka mahali pake. Mwenye gari kapima hewa iliyopikwa na lami na injini. Mwenye baraza kapima ukuta ulioota jua tangu asubuhi. Mwenye simu hakupima kitu chochote, maana simu ya kawaida haina kipimajoto cha hewa. Ile namba imetoka kwenye hesabu za kompyuta, zimekadiria eneo zima alilopo. Yule wa taarifa ya habari, huyo aliyeicheka namba aliyoisikia, ndiye peke yake aliyepewa kilichoulizwa: joto la hewa, kivulini, penye kupitisha upepo. Naomba uyashike maneno hayo, msikilizaji. Hewa. Kivulini. Penye upepo. Nitayarudia.

Hapo wapo wanaouliza: kwa nini kivulini, na sisi maisha yetu yako juani? Bodaboda yuko juani. Mama lishe yuko juani. Mvuvi yuko juani. Joto la kivulini linamhusu nani?

Swali zuri, tusilikimbie. Chukua vipimajoto viwili vya aina mbalimbali, kimoja cheusi kikubwa na kingine chembamba cha kioo, uviweke pamoja juani saa saba mchana. Vitatofautiana, na si kwa nyuzi moja wala mbili. Kwa nini, wakati hewa inayovizunguka ni ile ile? Kwa sababu juani kila kitu kinajipasha chenyewe kwa kadiri ya rangi yake, ukubwa wake na kitu kilichotumika kukitengeneza. Bati lina joto lake, mchanga una lake, na kipara cha mjomba nacho kina lake. Kipimajoto kikiwa juani kinatoa taarifa ya joto lake chenyewe. Sasa vitie vyote viwili kivulini, penye upepo unaopita. Ukingoja kidogo utaona vinasogeleana, na vikiwa vizima vitakubaliana. Ndiyo maana dunia nzima iliafikiana kupima kivulini. Hakuna aliyesema juani hakuna joto. Ila kivulini, namba ya Dodoma na namba ya Mombasa zinaweza kuwekwa mezani pamoja zikalinganishwa.

Ukipita karibu na kituo cha hali ya hewa, mara nyingi uwanja wa ndege au chuo cha kilimo, utaona sanduku jeupe la mbao limesimama kwa miguu minne katikati ya majani yaliyofyekwa. Wapita njia wengi hudhani ni mzinga wa nyuki. Sanduku lile lilibuniwa miaka ya 1860 na mhandisi wa Scotland aliyeitwa Thomas Stevenson, ambaye kazi yake hasa ilikuwa kujenga minara ya taa za meli. Ndiye baba wa mwandishi wa riwaya Robert Louis Stevenson. Mtoto alipata sifa nyingi kuliko baba, lakini sanduku la baba bado linafanya kazi kila siku, kutoka Zanzibar hadi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia.

Tulitazame kwa karibu, maana kila kipande chake kina sababu. Limepakwa rangi nyeupe ili lirudishe mwanga wa jua. Kuta zake ni vibao vilivyolazwa mshazari, kama dirisha la luva, tena safu mbili: upepo unapita, jua halipenyi. Paa nalo ni la tabaka mbili, na katikati yake hewa inatembea. Miguu imeinua vipimajoto kiasi cha mita moja na robo kutoka ardhini, kwa sababu hewa iliyolala juu kabisa ya udongo mchana ina moto wa peke yake. Chini pawe majani mafupi, isiwe saruji wala lami. Na kila kitu kirefu, ukuta, mti au nyumba, kikae mbali. Hewa, kivulini, penye upepo: sanduku zima limejengwa kwa maneno hayo matatu.

Sasa twende Uingereza kidogo. Mtasema, Uingereza na joto wapi na wapi? Subirini. Nchi ile ina watu wa ajabu, nami nawapenda. Wana shughuli zao za kuwapa riziki, huyu mwalimu, huyu mkulima, yule mstaafu, lakini nyuma ya nyumba kila mmoja ana kisanduku chake cheupe na daftari. Hawalipwi hata senti. Tangu 1970 wana chama chao, Climatological Observers Link, na kila mwezi ukiisha wanakusanya vipimo vyao pamoja na kuvichapisha.

Kiangazi chao kikiingia, Juni hadi Agosti, watu hawa wanazungumza nini? Asiyewajua angedhani wanashindana nani ana joto kubwa. Kumbe wanakaguana. Mmoja akisema, "Kwangu leo imefika 36," hapongezwi. Anaulizwa: "Uzio wako uko umbali gani? Majani ya bustani yako bado ya kijani au yamekauka? Kisanduku ulikisafisha lini? Mbona jirani yako wa kijiji cha pili kapata 34?" Halafu yeye mwenyewe, bila kununa, anakwenda kutazama. Kesho anarudi na majibu. Huo ndio utani wao na ndiyo ibada yao. Nami naona kwamba ubora wa vipimo vyao umetoka hapo, kwenye kuulizana, zaidi ya ulivyotoka kwenye bei ya vifaa.

Tarehe 19 Julai 2022 Uingereza ilivuka nyuzi 40 kwa mara ya kwanza tangu watu waanze kupima. Kituo cha Coningsby, huko Lincolnshire, kilisoma 40.3. Kabla ya siku hiyo rekodi ilikuwa 38.7. Msikilizaji wa Khartoum anaweza kutabasamu, lakini fikiria nchi ambayo nyumba zake zimejengwa kushika joto lisitoke. Sasa, Coningsby ni kambi ya jeshi la anga. Haikuchukua muda watu wakaanza kunong'ona: je, si moshi wa ndege za kivita umepuliza kipimajoto? Swali halali kabisa. Idara ya hali ya hewa ikakagua kifaa, ikakagua mahali, ikaipitisha namba. Na kulikuwa na ushahidi mwingine usiohitaji fundi: siku ile ile vituo vingine kadhaa, vikiwamo vya London, navyo vilipita 40. Kituo kimoja kinaweza kudanganyika. Vituo vingi vilivyotawanyika, mbali kwa mbali, ni vigumu vyote vidanganyike saa zile zile.

Wala si kila namba hupita. Tarehe 28 Juni 2018, kituo cha Motherwell, Scotland, kilisoma 33.2. Ingekuwa rekodi ya Scotland, na magazeti yalishaitangaza. Ukaguzi ukaonyesha kwamba gari liliegeshwa karibu mno na uzio wa kituo, injini ikinguruma. Namba ikafutwa. Mwaka 2021 huko Ireland ya Kaskazini, kituo cha Armagh kikasoma 31.4, ikakaguliwa, ikafutwa nayo, rekodi ikabaki kwa Castlederg, 31.3. Tofauti ya sehemu moja ya kumi ya nyuzi! Wewe na mimi ngozi zetu haziwezi kuitambua. Lakini mtu anayeacha sehemu moja ya kumi ipite kwa sababu inapendeza, kesho ataacha nyuzi mbili. Mimi binafsi, taasisi inayoweza kusimama hadharani ikaikana rekodi yake yenyewe huwa naiamini zaidi siku inayotangaza nyingine.

Na ile 38.7 iliyotangulia, mnajua ilipatikanaje? Ilipatikana kwenye bustani ya mimea ya Chuo Kikuu cha Cambridge, tarehe 25 Julai 2019. Jioni ile nchi nzima ilikuwa inazungumzia namba nyingine, ndogo zaidi, kutoka vituo vinavyojiendesha vyenyewe kwa mitambo. Bustani ile kipimajoto chake kilikuwa kinasomwa kwa macho, asubuhi ya kesho yake, na watu wa bustani. Asubuhi wakasoma, wakaona namba imepita zote. Zikapita siku kadhaa za kukagua kifaa, ndipo tarehe 29 ikathibitishwa. Wakati mitambo inapiga kelele, namba kubwa kuliko zote ilikuwa imetulia ndani ya sanduku ikimngoja mtu aje na kalamu.

Tuendelee, maana kisa kikubwa kiko kwetu Afrika.

Wale mliosoma jiografia miaka ya nyuma mtakumbuka swali hili: mahali penye joto kali kuliko pote duniani ni wapi? Jibu, El Azizia, Libya, nyuzi 58, tarehe 13 Septemba 1922. Uliliandika, ukapata alama yako. Kwa miaka 90 jibu hilo lilikaa vitabuni. Leo ukiliandika, umekosa. Kulitokea nini?

El Azizia ni mji ulio kusini-magharibi ya Tripoli. Mwaka 1922 Waitalia walikuwa wanaitawala pwani ile, na kipimajoto kilikuwa kwenye kituo chao cha kijeshi. Mwaka 2010 mwandishi mmoja wa historia ya hali ya hewa, Mmarekani, Christopher Burt, alianza kuuliza maswali yale yale ya wale Waingereza wenye visanduku: mbona miji ya jirani siku ile haikukaribia? Mbona El Azizia yenyewe haikurudia tena namba ya namna hiyo? Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaunda jopo. Ndani yake alikuwamo Mlibya, Khalid El Fadli, mkuu wa idara ya tabianchi katika kituo cha taifa cha hali ya hewa cha nchi hiyo, naye ndiye aliyeipata karatasi ya asili ya mwaka 1922, ile iliyoandikwa kwa mkono. Mara mapinduzi ya 2011 yakaanza, mawasiliano naye yakakatika kwa miezi, wenzake wasijue kama yu hai. Aliporudi hewani, kazi ikaendelea.

Karatasi ilisema nini? Siku mbili kabla ya namba ile, mwandiko unabadilika. Mtu mpya kashika kalamu. Tena mtu huyo anaandika joto la juu kwenye safu ya joto la chini, na la chini kwenye safu ya juu. Hapo tu mkaguzi yeyote wa hesabu angeweka kalamu chini na kuvua miwani. Kisha kuna kifaa chenyewe. Kilikuwa kipimajoto cha aina ya Six: bomba la kioo lililopinda, ndani yake zebaki, na juu ya zebaki kuna kijipini kidogo. Joto likipanda, zebaki inakisukuma kijipini. Joto likishuka, zebaki inarudi, kijipini kinabaki pale kilipofikishwa, ili ukija baadaye ujue joto lilipanda mpaka wapi. Unatakiwa usome ncha ya chini ya kijipini, iliyogusana na zebaki. Ukisoma ncha ya juu, umeongeza urefu wa kijipini kizima. Na urefu wa kijipini kile ulikuwa kiasi cha nyuzi 7.

Ongeza na hili: chini ya kituo hapakuwa mchanga wa asili, palikuwa na kitu cheusi cha namna ya lami. Tarehe 13 Septemba 2012, siku ambayo rekodi ilitimiza miaka 90 kamili, ikafutwa. Taji likahamia Death Valley, California, nyuzi 56.7, tarehe 10 Julai 1913, na wapo wajuzi wanaoitilia shaka hiyo nayo. Mimi huwaza sana juu ya yule mtu mpya wa 1922. Labda askari kijana, mwenzake kaugua, kaambiwa nenda kasome kipimajoto, bila hata kuonyeshwa wapi pa kusoma. Naye kaenda, akaandika kwa uaminifu alichokiona. Halafu dunia ikamfundishia watoto wake.

Kuna la kufurahisha hapo. Aliyebuni kipimajoto kile, James Six, hakuwa mtu wa serikali wala wa chuo kikuu. Alikuwa mtu wa mji wa Canterbury, Uingereza, familia yake wafumaji wa hariri, akifuatilia hali ya hewa kwa mapenzi yake tu. Alikitangaza kifaa chake mwaka 1782 na mpaka leo ukienda duka la vifaa vya bustani utakipata. Na muda mfupi baada yake akatokea mwingine wa London, Luke Howard, mtengenezaji wa dawa, huyu ndiye aliyeyapa mawingu majina yanayotumika hadi sasa. Huyu naye alipima joto nje ya jiji mwaka hadi mwaka, akalinganisha na vipimo vya ndani ya jiji, na mwanzoni mwa karne ya 19 akachapisha kwamba usiku jiji lina joto zaidi kuliko mashamba yanayolizunguka. Hakuwa na setilaiti. Alikuwa na daftari na subira.

Naomba mlishike hilo la usiku, kwa sababu linatuleta nyumbani.

Kuna mtu ananisikiliza kutoka chumba cha bati, mathalani Tandale au Kisauni, na tangu nianze ananisonya. Anasema: ndugu mtangazaji, sanduku lako jeupe liko uwanja wa ndege, penye majani na upepo wa bahari. Mimi nalala kwenye chumba kimoja, bati bila dari, dirisha linatazamana na ukuta wa jirani. Joto lenu rasmi linanisaidia nini?

Ndugu yangu, una haki ya kusonya. Joto rasmi halikuhusu moja kwa moja, wala halikutengenezwa kueleza chumba chako. Lakini sikiliza. Ukitundika kipimajoto chumbani mwako, mbali na ukuta na mbali na bati, halafu ukasema "humu ndani saa nne usiku ni 33", umepata kipimo halali. Na kile cha uwanja wa ndege kikiwa kinasema 27 saa hiyo hiyo, basi tofauti ya nyuzi 6 ni ya nyumba yako na mtaa wako. Unaweza kwenda nayo kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, au kwa mwenye nyumba anayekataa kuweka dari. Ukitangaza kwamba "Dar es Salaam usiku ni 33," utachekwa. Ukisema "chumba hiki, saa nne usiku, 33," hakuna wa kucheka. Kipimo kinataka anwani.

Na usiku ndio unaoumiza. Mchana wa kaskazi, Desemba hadi Machi, tunajua kukimbilia chini ya mwembe. Usiku hakuna pa kukimbilia, na mwili usipopoa usiku unaamka na uchovu wa jana. Tarehe 26 Juni 2018, Qurayyat, mji wa pwani ya Oman, joto halikushuka chini ya 42.6 usiku na mchana. Isikie vizuri namba hiyo: hilo ndilo lilikuwa joto la chini! Wenye jamaa Oman mnajua fukuto la bahari ile. Unyevu ukijaa hewani jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi. Ndiyo maana 33 za Mombasa zinaweza kukuchosha kuliko 36 za Dodoma penye hewa kavu. Kipimajoto hakikukosea huku wala kule. Kimepima joto, hakikupima unyevu.

Wengi wetu tuna shangazi Muscat. Anapiga simu: "Mwanangu, huku leo hamsini!" Mwamkie kwanza, mpe pole, halafu muulize kwa adabu: "Shangazi, umeiona wapi hiyo hamsini?" Akikujibu, "Kwenye gari, nimetoka sokoni," basi unajua. Si kwamba kakudanganya. Gari lilikuwa limeegeshwa juani. Hata wenye ofisi zao hukaguliwa: Kuwait ilipotangaza nyuzi 54 za kituo cha Mitribah, Julai 2016, uchunguzi ulichukua miaka, na mwaka 2019 Shirika la Hali ya Hewa Duniani likaiandika 53.9. Pakistan nayo, kituo cha Turbat, Mei 2017, ilitangaza 54, ikapunguzwa ikawa 53.7.

Haya, dakika zilizobaki nizitumie kwa yule anayetaka kuanza, hasa walimu, maana shule nyingi zina uwanja na zina watoto wenye macho makali. Baadhi ya shule za Kenya na Uganda tayari zina vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha vyenyewe, vya mradi uitwao TAHMO. Lakini usingojee mradi. Kipimajoto cha kawaida kinatosha kuanzia.

Kwanza kijaribu. Ponda barafu ya maji safi, jaza kwenye chupa ya chai, ongeza maji baridi kidogo ya kuziba nafasi, koroga. Tumbukiza ncha ya kipimajoto bila kugusa kuta za chupa, ungoje dakika kadhaa, ukikoroga taratibu. Kinapaswa kusema 0. Kikisema 1.5, usikitupe. Andika juu yake kwa kalamu ya wino mzito "kinazidisha 1.5", nawe uwe unapunguza kila siku. Kama ni cha betri na kihisio chake hakivumilii maji, kivishe mfuko wa nailoni kwanza. Na usijaribu kwa maji yanayochemka. Nairobi maji huchemka kabla ya kufika 100, kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo utakilaumu kipimajoto kisicho na kosa.

Pili, kijengee kivuli. Fundi seremala wa mtaani anaweza kukutengenezea sanduku la vibao vya mshazari, rangi nyeupe, miguu ya mita na robo. Liweke kwenye majani, mbali na darasa kadiri uwanja unavyoruhusu. Tatu, chagua saa moja na usiibadilishe. Saa tatu asubuhi ni saa nzuri, ndiyo ambayo vituo vyetu navyo husoma mvua. Lakini angalia mtego: joto la juu utakalolikuta saa tatu asubuhi ya Jumanne ni la mchana wa Jumatatu. Liandike Jumatatu. Madaftari mengi yameharibika hapo.

La mwisho ni mlango wa sanduku, maana vitabu vingi vimeandikiwa watu wa Ulaya. Vinasema mlango utazame kaskazini ili ukiufungua jua lisipige vipimajoto. Kwao ni sawa, jua lao la mchana liko kusini mwaka mzima. Basi mtu wa Dar es Salaam hupindua, anasema sisi tuko kusini ya ikweta, kwetu mlango utazame kusini. Hapana! Kwetu jua linahama. Kuanzia kama Oktoba kati hadi mwanzoni mwa Machi, jua la adhuhuri pale Dar es Salaam liko upande wa kusini, na hiyo ndiyo miezi yenyewe ya joto. Miezi mingine linarudi kaskazini. Ndiyo maana karibu na ikweta sanduku linaweza kuwekwa milango miwili, ukafungua ule ulio kivulini kwa msimu huo. Kama fundi wako kashatengeneza mmoja, mwambie aongeze wa pili upande wa nyuma, na bawaba zake ziwe za shaba, pwani chuma kinaliwa na chumvi upesi.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha kidole. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia kipimamvua, na kwa nini chupa ya maji iliyokatwa shingo inaweza kukupa kipimo chema kuliko unavyodhani.